Kuchagua Nyumba ya Wageni Kando ya Ziwa Tanganyika

Mwalimu aliyefundisha mwaka mzima anastahili siku chache za kupumzisha koo. Wako wenzetu wazitumiao siku hizo kulima, na wako waendao kuwasalimu wazee. Sisi, walimu watano wa Kiswahili wa Bujumbura, huchangishana fedha kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi ili likizo ikifika twende Rumonge, kama kilomita 70 kusini mwa mji wetu, tukavue samaki kwa mshipi. Mfuko wenyewe ni mwembamba. Mwenye nacho asiporidhika na nyumba huhamia nyingine jioni ile ile. Mwalimu hana budi kungoja likizo ya mwaka ujao. Ndiyo maana suala la kuchagua mahali pa kulala tumelifikiri sana, na tumeona vema kuwashirikisha wasomaji wa jarida hili.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Moteli ni neno lililokuja na wenye magari: nyumba ya njiani ambapo msafiri huegesha gari karibu na mlango wa chumba chake. Kwetu kandokando ya ziwa watu husema gesti, au loji, na mwenye kupenda ufasaha husema nyumba ya kulala wageni. Tunayoikusudia hapa ni nyumba ya mtu mmoja au ya ukoo mmoja, yenye vyumba sita au vinane, isiyo tawi la kampuni yoyote. Hoteli kubwa za ufukweni zina uzuri wake nasi hatuzidharau. Lakini katika hesabu zetu, bei ya usiku mmoja huko ilitosha siku tatu katika nyumba ya namna hii, pamoja na chakula.

Sasa, mtu aingiapo nyumba ya kando ya ziwa atazame nini? Wengi hukimbilia kubonyeza godoro. Sisi tunashauri mtu atazame ukuta kwanza. Ziwa Tanganyika lina tabia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1964 lilipanda sana. Likapanda tena mwaka 2021, na mwaka 2024 maji yakaingia katika nyumba nyingi za Gatumba na za ufukweni mwa Bujumbura. Nyumba iliyofikiwa na maji aghalabu huachiwa alama: mstari wa kahawia juu ya chokaa, au rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa kiuno tu. Mwenye nyumba mkweli hukuonyesha mstari huo bila kuulizwa, akakueleza alivyoinua msingi. Asiye mkweli hutundika pazia.

Pili, chandarua. Kiwe kizima, tena kifike chini ya godoro pande zote, kwa kuwa mbu wa ziwani hawajui likizo. Tatu, mahali pa kushukia majini. Maji yaliyotulia penye majani mengi ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Basi mvuvi wa mshipi ajichagulie mwamba au gati, asisimame ndani ya maji. Nne, kama nyumba hutafutia wageni mtumbwi, aulize kama kuna majaketi ya kujiokolea. Upepo wa kusini uvumao wakati wa kiangazi huinua mawimbi ambayo mtu wa bara hakuyatarajia katika maji matamu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na duniani Baikal peke yake ndilo linalolipita.

Mambo hayo manne yaonekana kwa macho. La tano ndilo zito kuliko yote, nalo hupatikana kwa kuuliza. Mwaka ule tulipotaka kubadilisha makao tulizungukia nyumba tatu kabla ya kutoa hata faranga moja. Katika kila nyumba tuliuliza swali lile lile: tukija juma la mwisho la Agosti, tutapata kwenda na wavuvi usiku? Kijana wa nyumba ya kwanza alijibu, “Hakuna shida, walimu. Karibuni wakati wowote.” Nyumba ya pili tulijibiwa vivyo hivyo, tukaonyeshwa na televisheni. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mjane ambaye marehemu mume wake alikuwa mvuvi. Alituketisha barazani, akahesabu kwa vidole, kisha akasema:

“Hapana, walimu wangu. Juma hilo mwezi utakuwa mkubwa. Mtalala tu. Fedha zenu kaeni nazo, mje siku kumi baadaye.”

Tulimweleza kwamba siku kumi baadaye tungekuwa tunajiandaa kufungua shule. “Basi njoni kabla, mwezi ungali mchanga,” akasema, “lakini si kabla ya kuuliza kama ziwa limefunguliwa.”

Maneno hayo yalikuwa na elimu ndani yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu za jua. Mwanga huwavuta ndagala, na mukeke, ambaye chakula chake ni ndagala, huwafuata hadi pale wavuvi wanapomngoja kwa ndoano. Mbalamwezi inapoenea juu ya maji, taa hupoteza nguvu zake, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Ama neno la kufungua ziwa, alikusudia miezi ya kupumzisha samaki. Kufuatana na makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Samaki wamepungua kwa wingi wa nyavu, na wataalamu wameeleza pia kwamba ongezeko la joto huzuia maji ya chini yenye rutuba kuchanganyika na ya juu. Mwenye nyumba anayemwambia mgeni asije hupoteza mapato ya juma zima. Sisi tuliona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kutudanganya juu ya mtumbwi wala juu ya upepo, tukampa amana yetu siku ile ile.

Liko na fungu letu sisi walimu wa lugha. Katika baraza la nyumba ile, jioni, wageni na wenyeji huketi pamoja mbele ya sahani ya mukeke wa kuchoma, ugali wa muhogo na lengalenga zilizopikwa kwa mawese. Hapo tulimsikia mfanyabiashara wa Kigoma akimwita samaki yule yule mgebuka, na dereva wa Uvira akimwita mikebuka. Ndagala wetu kwa yule wa Kigoma alikuwa dagaa. Mwenzetu mmoja akauliza: mwanafunzi wa Rumonge akiandika mukeke katika insha, tumkatie kwa wino mwekundu? Tulibishana hadi taa za wavuvi zikawa nyingi ziwani kama mji wa pili. Yule mama, aliyekuwa akikusanya sahani, akasema, “Samaki mwenyewe havuki mpaka akabadilika. Mfundisheni mtoto majina yote, siku moja atauza Kigoma.” Hapakuwa na aliyepinga. Tangu hapo, katika madarasa yetu, neno la mtoto hubaki ubaoni na la jirani huandikwa kando yake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone walikumbusha kwamba ugeni una faida pande zote mbili. Mtakaposafiri kwenda Rumonge, Nyanza-Lac, Kalemie au Kigoma, tazameni ukuta, chandarua, gati na majaketi. Kisha mwulizeni mwenye nyumba habari za mwezi. Akijibu haraka kwamba siku zote ni njema, shukuruni, mwendelee na safari. Akinyamaza kidogo na kuanza kuhesabu kwa vidole, shusheni mizigo.