Fundi wa Mbali

Msomaji, kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na makazi yangu ni Voi. Wengi waujuao mji huu huujua kwa kupita. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea bara. Barabara kuu yapita hapa. Na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina stesheni yake hapa pia. Ni mji wa njia panda, na wenyeji wake hawastaajabu kuona vitu vikienda mbali. Hata hivyo, nikimwambia jirani kwamba asubuhi nimetengeneza kompyuta iliyoko Taveta, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, wala sikuvuka kizingiti cha chumba changu, hunitazama kama asikiaye kisa cha Abunuwasi.

Nitakueleza jinsi ifanywavyo, maana jambo lisiloelezwa huitwa uchawi, nami sitaki jina hilo katika milima ya Taita.

Katika kila kompyuta ninayoitunza nimetia programu ndogo, kwa idhini ya mwenyewe. Kompyuta iwashwapo, programu hiyo hutoka ikaenda kubisha hodi kwa kompyuta nyingine iitwayo seva, na kuiarifu kuwa ipo. Kisha hungoja. Mimi nami, nikiwa Voi, hufungua kivinjari, kile kile ambacho wewe hukitumia kusomea habari, nikaandika anwani ya seva, jina langu na nywila yangu. Seva hutukutanisha. Fikiri watu wawili, mmoja wa Taveta na mmoja wa Voi, ambao kila mmoja husafiri hadi Mwatate wakaonana sokoni. Yule wa Taveta hakuacha mlango wake wazi usiku kucha akimngoja mgeni, alitoka mwenyewe. Hapo ndipo ilipo busara ya mpango huu, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi katika intaneti haukawii kupata mwizi.

Tukisha kukutana, picha ya kioo cha kompyuta ya mbali huja kwangu. Haiji nzima kila mara. Huja zile sehemu zilizobadilika tu, nazo zimebanwa ili ziwe nyepesi. Ziendazo kutoka kwangu ni chache zaidi: mwendo wa kipanya na herufi nizigusazo. Yote hufungwa kwa maandishi ya siri, hata azidakaye njiani asipate maana. Kwa hiyo kazi huwezekana hata pale mtandao ulipo dhaifu, ingawa huko utasogeza kipanya, ukanywa funda la chai, ndipo ukione kimesogea.

Ustadi wenyewe si mpya. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walibuni njia iitwayo VNC ya kuitazama na kuiendesha kompyuta kwa kutumia kompyuta nyingine. Kwetu kilichokosekana kilikuwa njia ya kupitia. Tulitegemea setilaiti, ghali na nzito, mpaka mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa.

Jioni moja mwenye duka la dawa huko Taveta alinipigia simu. Daftari lake la kompyuta lilikataa kufunguka, na wateja walikuwa wamesimama, mmoja wao na mtoto mwenye homa mgongoni. Basi la mwisho lilikuwa limekwisha kuondoka, na njia ile hukata mbuga ya Tsavo, ambako ndovu hawaulizi dereva ana haraka gani. Nilimwomba ruhusa ya kuingia, akabonyeza kukubali, akauona mshale wa kipanya ukitembea wenyewe kiooni pasipo mkono wake.

"Fundi," akasema kwenye simu, "ni wewe huyo, au ni jini?"

"Ni mimi, mzee wangu. Lakini naona umefungua barua. Tafadhali ifunge kwanza, ndipo niendelee."

Aliifunga. Kosa lilikuwa dogo: nafasi ya kuhifadhia ilikuwa imejaa nakala za zamani za daftari lile lile. Nilizihamisha, daftari likafunguka, na mtoto akapata dawa.

Nimeitaja ile barua kwa makusudi. Fundi aingiaye dukani kwa miguu huonekana na kila mtu. Fundi wa mbali aweza kuwa jicho lisiloonekana. Mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, alitaka niifiche programu hii katika kompyuta ya karani wake, ili akiwa nyumbani asome kila alichoandika binti yule. Alitoa bei nzuri, nami wakati huo nilikuwa na karo ya shule ya kulipa. Nilikataa. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini nitakuambia kweli: hata kama sheria hizo zisingalikuwapo, ningalimtazamaje binti yule kesho yake akinikaribisha kiti? Mfanyabiashara alitafuta fundi mwingine, na biashara yake sikuipata tena.

Iko hatari nyingine, kubwa kuliko udadisi wa tajiri mmoja. Afunguaye kompyuta hamsini kwa nywila moja amebeba funguo za nyumba hamsini katika mfuko mmoja. Mwezi wa Julai mwaka 2021 wahalifu waliipenya programu ya namna hii ya kampuni ya Kaseya ya Marekani, wakafunga kompyuta za mamia ya biashara kwa pigo moja na kudai fidia. Huko Sweden mamia ya maduka ya Coop yalifunga milango kwa kuwa mashine za kupokelea fedha zilikufa, na Coop wenyewe hawakuwa wateja wa Kaseya. Msaidizi wa msaidizi wao ndiye aliyeguswa. Tangu nisikie habari ile, nywila peke yake hainitoshi. Kivinjari hunidai pia tarakimu zinazobadilika katika simu yangu, na seva huandika kila niingiapo, saa na mahali, katika kumbukumbu ambayo mwenye kompyuta aweza kuisoma apendapo.

Umeme ukikatika Wundanyi, ustadi wangu wote ni bure. Kompyuta iliyozimika haibishi hodi kwa seva yoyote, na kifaa kilichoungua hakitengenezwi kwa kipanya. Siku hizo utaniona stendi ya Voi alfajiri, nimepakata kifaa kipya cha umeme ndani ya gazeti, nikibishana na utingo juu ya nauli.