Kosa Langu, Lawama Yake

Kuna dada aliyebebeshwa kosa langu, na kwa muda mrefu nilimwacha alibebe. Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Singida. Msimu wa alizeti wa 2021 nilizima fayawoli ya seva katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta, nikafungua njia ya kuiingilia seva hiyo kutoka nje, nikaondoka. Maafa yalipotokea, sikusema nilichofanya.

Alizeti huku kwetu huvunwa kuanzia Mei, mvua zikishakatika. Magunia huja kutoka Iramba, Mkalama na Ikungi kwa Kenta, kwa maguta, hata kwa pikipiki. Mkulima akifika kiwandani mzigo wake hupimwa, kilo zinaingizwa kwenye kompyuta ya mizani, nayo huzipeleka kwenye seva iliyoko chumba cha uhasibu. Mhasibu hulipa kwa kufuata anachokiona humo. Mizani isipoipata seva, hakuna anayelipwa.

Usiku mmoja umeme ulikatika, na uliporudi ukaunguza ruta. Walinunua nyingine, wakaichomeka, intaneti ikarudi, lakini kompyuta ya mizani haikuipata seva. Nilipofika, foleni ilikuwa imeshatoka nje ya geti. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia yake aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumelala hapahapa. Hebu tusaidie."

Nilianza kama inavyotakiwa. Kebo ilikuwa nzima na taa zake zinawaka. Kompyuta ya mizani ilikuwa imepewa anwani sahihi na ruta mpya. Nilipoiita ruta iliitika. Nilipoiita seva, kimya. Nikaenda kwenye seva yenyewe nikakuta inafungua tovuti bila shida. Maana yake seva ilikuwa inatoka nje vizuri, ila haikubali kuingiliwa. Hiyo ni kazi ya fayawoli.

Hapo nilipaswa kujiuliza kwa nini inazuia leo wakati jana ilikuwa inaruhusu. Jibu halikuwa mbali. Windows ikikutana na ruta mpya huuona mtandao huo kuwa mgeni, na isipoelekezwa vinginevyo huuhesabu kuwa mtandao wa umma, kama wa hotelini au stendi. Ruhusa ya mizani kuifikia seva ilikuwa imewekwa kwa mtandao wa ndani tu. Fayawoli haikuwa na hitilafu yoyote. Ilitakiwa tu kuambiwa kwamba mtandao ule ni wa ndani, na mipangilio hiyo hubadilishwa kwa dakika moja.

Sikujiuliza. Niliizima fayawoli yote, mizani ikaunganika papo hapo, watu wakashangilia. Kisha nikaongeza kosa la pili, na hili hakuna foleni iliyonisukuma kulifanya. Niliingia kwenye ruta nikaifungua poti 3389 ielekee kwenye seva, ili wakinipigia tena niweze kuingia nikiwa nyumbani. Nenosiri la seva lilikuwa jina la kiwanda na mwaka. Nililiona, nikaliacha. Nilijiambia nitarudi kuyaweka sawa msimu ukipungua.

Siwezi kusema sikujua hatari yake. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye poti 445 za kompyuta zilizoachwa wazi duniani kote, kikafunga mafaili na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Marekebisho ya kukizuia Microsoft ilikuwa imeyatoa tangu Machi mwaka huohuo. Habari hizo nilizifuatilia kwa makini, na nilikuwa nikiwasimulia vijana ninaowafundisha kazi.

Zipo programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikitafuta poti kama ile niliyoifungua. Hazihitaji kujua Singida iko wapi. Zikiipata poti, zinajaribu manenosiri mpaka mojawapo likubali. Asubuhi moja kiwanda kilikuta seva ina ujumbe wa kudai fidia na kila faili limefungwa. Nakala rudufu ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa muda wote kwenye seva hiyohiyo, nayo ikafungwa. Wakulima ambao hawajalipwa walitakiwa kuleta stakabadhi zao za mizani. Nilimwona mama mmoja akikunjua khanga akitafuta karatasi yake, akaikuta imelowa na maandishi yamefutika.

Niliitwa nichunguze. Katika kumbukumbu za matukio za seva, tukio 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindwa, lilijirudia ukurasa baada ya ukurasa, yote yakitoka anwani za nje. Mwishoni likaja 4624: mtu ameingia. Amepita kwenye poti niliyoifungua mimi. Meneja aliponiuliza chanzo ni nini, macho yangu yalikuwa bado kwenye skrini ile. Nikamjibu, "Inawezekana ni flashi." Kila mtu pale alijua mwenye flashi ni nani. Ni dada wa mizani, aliyekuwa akiitumia kusikiliza nyimbo za kwaya akiwa kazini. Aliachishwa kazi wiki hiyohiyo.

Kosa la kuzima fayawoli nililifanya kwa haraka. Sentensi ile niliitamka nikiwa nimetulia, nikijua ukweli. Hilo ndilo kosa langu kubwa.

Mwaka jana nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote, nikamwandikia na barua ya kumsafisha dada yule. Kisha nikampigia simu yeye mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, siku ile natoka getini nalia, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua. Akasema amesikia, akakata simu. Hajaniambia kama amenisamehe, nami sina haki ya kumharakisha.

Kwa mafundi wenzangu: fayawoli ikizuia, iulize kwanza inazuia nini na kwa sababu gani. Ruhusu poti moja inayohitajika, kwa kompyuta inayoihitaji, na usiizime yote hata kama foleni imefika barabarani. Usiiachie intaneti poti 3389. Diski ya nakala rudufu ichomolewe kazi ikiisha. Kila unachokibadilisha kiandike kwenye daftari linalobaki kwa mteja, siyo kichwani mwako. Daftari hilo lingekuwepo kiwandani siku ile, meneja angesoma jina langu, tarehe na poti niliyoifungua, na dada yule angebaki kazini hata kama mimi ningenyamaza.