Kamera Kubwa na Mlima

Haraka haraka haina baraka. Mithali hii niliisikia tangu utotoni, lakini maana yake niliipata alfajiri moja huko Marangu, nimejifunika kitambaa cheusi kichwani nyuma ya kamera ya mbao.

Mjomba wangu, mzee asiyeweza tena kuondoka kitandani, alikuwa ameniomba picha ya Kibo. "Nipigie mlima, mwanangu," alisema, "niutazame kabla macho yangu hayajafumba." Ombi lilikuwa jepesi kwa maneno, zito kwa maana. Mlima wa utoto wake si huu wa leo: wataalamu walipima wakakuta kwamba katika barafu iliyokuwako kileleni mwaka 1912, kiasi cha asilimia 85 kilikuwa kimetoweka ilipofika mwaka 2007.

Nilikuwa na kamera ya kadiri, itumiayo filamu ya utepe wa upana wa sentimeta 6 na kutoa picha 12 za mraba. Niliiacha nyumbani. Nilichukua ile kubwa, ambayo filamu yake ni karatasi moja moja ya inchi 4 kwa 5, mara 12 na zaidi ya eneo la filamu ndogo ya milimeta 35, nipate kuhifadhi kila jani na kila korongo. Filamu zangu zilikuwa 2 tu.

Kamera hii humfundisha mtu unyenyekevu. Katika kioo chake cha nyuma dunia huonekana miguu juu kichwa chini, na kulia huwa kushoto. Mlima nilioupita kila siku bila ya kuutazama ulining'inia mbele yangu kama mgeni, nikalazimika kuujua upya. Niliiinamisha lenzi mbele kidogo, hata migomba ya karibu na kilele cha mbali vikaonekana wazi kwa pamoja.

Jua lilipoigusa barafu nilishikwa na pupa. Nilivuta kibao kinachofunika filamu kabla sijaifunga lenzi. Mwanga ukaingia wote, filamu ikaungua. Nilipokwisha kuitayarisha ya pili, wingu lilikuwa limefunika nusu ya kilele. Nilipiga hivyo hivyo, kwa moyo mzito.

Njiani nilimkumbuka Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, huko Hernandez, New Mexico, aliuona mwezi juu ya kijiji, na misalaba ya makaburini iking'aa kwa jua la mwisho. Kamera yake ilikuwa ya inchi 8 kwa 10. Hakukiona kipima mwanga chake. Akakumbuka kadiri ya mwangaza wa mwezi, akakisia kwayo, akapiga. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba. Filamu moja ilimtosha, maana elimu yake iliutangulia mkono. Mimi mkono wangu uliitangulia elimu.

Nilisafisha picha yangu, nikampelekea mjomba nikiona haya. Aliishika muda mrefu karibu na dirisha. Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya wingu, akaninyamazisha kwa mkono. Kidole chake kilikuwa kikitembea chini kabisa ya picha, katikati ya migomba, kikifuata mstari mwembamba kama uzi ambao mimi sikuuona hata katika kioo.

"Huu ni mfereji wetu," alisema. "Tuliuchimba mimi na baba yangu. Kumbe maji yangali yanapita."

Juu ya barafu hakuuliza neno.

Alifariki kabla ya kiangazi kilichofuata. Tangu siku hiyo nimerudi Marangu mara nyingi, nami nina picha za Kibo kisicho na wingu hata moja. Lakini sasa, nikiingia chini ya kitambaa cheusi, huanza kutazama chini, penye migomba, ndipo nipandishe macho kileleni.