Chombo na Kipimo

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imefundishwa darasani na kurudiwa barazani hata ikaonekana kuwa sheria isiyo na pingamizi. Hata hivyo, kila fundi anajua kwamba upo ufa ambao kuuziba ni hatari kuliko kuuacha, kwa kuwa ukuta wenyewe umekwisha. Hapo busara si kutafuta udongo wa kuzibia bali kukubali kujenga upya. Ugumu huja pale ukuta huo unapokuwa umebeba heshima ya mtu. Hayo ndiyo yaliyojiri huko Junju, Kilifi Kusini, kwa sababu ya tangi la petroli la gari moja kuukuu.

Junju iko upande wa bara wa barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi, katika nchi ya minazi, mikorosho na miembe, na mashamba ya mkonge ya Vipingo hayako mbali. Gari lenyewe lilikuwa Land Rover fupi ya miaka ya 1970, lisilo na paa la bati. Juu yake mlikuwa na turubai lililofungwa kwa kamba, ambalo wakati wa joto la kaskazi lilikunjwa nyuma, upepo ukapita huru. Gari hilo lilibeba nazi kupeleka sokoni, likabeba wagonjwa usiku, na turubai lilipokunjwa likabeba maharusi, ili kijiji kizima kiwaone.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, na chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza. Kwa hiyo waundaji waliifanya bodi kwa aluminiamu. Uhaba huo ukageuka kuwa baraka, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi ilikuwa chuma, na tangi la mafuta vilevile lilikuwa chuma. Ndiyo maana Land Rover ya zamani huweza kumdanganya mtazamaji wa Pwani: juu imesimama imara kama kijana, chini imeliwa na chumvi.

Tangi la gari fupi la aina hii huwekwa upande wa kulia, chini ya kiti, nalo huchukua galoni 10, yaani lita 45 hivi. Katika nchi zetu ambako usukani uko kulia, maana yake ni kwamba dereva huketi juu ya petroli yake. Alipoinuka asubuhi moja akasikia harufu kali kitini, kisha akaona doa jeusi mchangani, mzee mwenye gari hakuhitaji kuambiwa kilichotokea.

Kutu ya tangi huanzia pande zote mbili. Nje, matope na hewa ya bahari hujificha baina ya tangi na vyuma vinavyolishika. Ndani, tangi linaloachwa nusu tupu huvuta hewa yenye unyevu. Usiku ukipoa, unyevu huo huwa matone. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka na kutulia chini kabisa, kwenye mshono, yakautafuna polepole bila kuonekana. Mtu hutazama juu akaona mafuta masafi, kumbe uharibifu umelala chini yake.

Fundi aliitwa. Alikuwa mtu wa makamo, wa kundi lile la mafundi wa jua kali ambao hawana cheti ukutani lakini wana makovu mikononi. Kwanza alikataza moto wowote karibu, hata jiko la mama lililokuwa likivuta mkaa chini ya mwembe likahamishwa. Akafungua waya wa betri. Akaitoa petroli kupitia nati ya chini ya tangi, ikaingia katika dumu la chuma. Akaondoa kiti na kifuniko chake, akalegeza mpira wa mdomo wa kujazia, paipu ya kwenda kwenye pampu, na waya wa geji. Bolti zilizoshikana na kutu alizilowesha mafuta, akaziacha hadi kesho yake. Tangi liliposhushwa juu ya gunia, alilipindua, akaubonyeza mshono kwa kidole gumba. Chuma kikabonyea kama ganda la yai bichi.

"Baba," alisema, "hili limekwisha."

"Halijakwisha," mzee akajibu. "Lina kiraka. Kiraka hicho kilitiwa kabla wewe hujajua spana ni nini, na hadi leo kinashika. Tia kingine kando yake."

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," mjukuu wa mzee akaongeza, kijana wa miaka 17 aliyependa kuwa upande wa babu yake. Akasema kwamba kule barabara kuu wapo wachomeleaji ambao wangeifanya kazi hiyo kwa nusu saa, na kwamba yeye mwenyewe angelipeleka tangi kwa bodaboda.

"Ufa unazibwa ukiwa na ukuta wa kuushika," fundi akasema. "Hapa ukuta hakuna."

Mzee alinyamaza. Ukimya wake haukuwa wa ubahili, ingawa mgeni angeudhania hivyo. Kiraka kile kilikuwa na historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mzee huyo alikuwa dereva wa gari hilohilo katika shamba moja la mkonge. Karani alimgawia petroli kwa galoni na kuiandika daftarini. Ikafika juma ambapo hesabu haikukubali: mafuta yaliyotolewa yalikuwa mengi kuliko safari zilizofanywa. Siku hizo daraja la Kilifi lilikuwa bado; lilifunguliwa mwaka 1991. Gari la kutoka kusini lililotaka kuingia mjini Kilifi lilisimama kwenye foleni ya kivuko upande wa Mnarani, wakati mwingine kwa saa nyingi. Ikasemwa kwamba dereva huyo huiuza petroli kwenye foleni. Mshahara wake ukakatwa. Neno "mwizi" halikutamkwa mbele yake, lakini lilimtangulia kila alikokwenda, hata msikitini.

Hakubishana. Alikata kijiti cha mwarobaini, akakinyoosha na kukilainisha kwa kipande cha chupa. Akalikausha tangi, kisha akalijaza galoni moja baada ya nyingine, na kila galoni akakichovya kijiti na kukitia pengo kwa kisu. Kikawa na mapengo 10. Jioni moja aliwaita karani na mlinzi, akapima mbele yao, akakabidhi ufunguo, na gari likafungiwa bandani. Asubuhi wakapima tena. Mafuta yalikuwa yamepungua kwa nusu galoni, na mlango ulikuwa haujaguswa. Walipoinama chini ya gari, mchanga ulikuwa umelowa. Mwizi alikuwa mshono wa tangi.

Tangi likashushwa, likaoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa, na penye ufa pakatiwa kiraka cha ukubwa wa kiganja kwa lehemu. Dereva akaambiwa aendelee na kazi. Hakuombwa radhi, wala fedha alizokatwa hazikurudi. Miaka ilipopita na shamba likaliuza gari hilo kwa mnada, ndiye aliyelinunua, kwa akiba ya maisha yake. Watu walidhani anapenda Land Rover. Kwa kweli alikuwa amenunua kiraka. Hakuwa na hati nyingine ya kumsafisha.

Fundi aliisikiliza habari hiyo hadi mwisho akiwa amechutama kando ya gunia. Kisha akaeleza kwa nini kiraka cha pili hakiwezekani, na maelezo yake yanastahili kujulikana na kila mwenye chombo cha moto. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke huo hutoka hata katika baridi kali kuliko yoyote ijulikanayo Afrika Mashariki, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini ukitafuta moto. Nao huwaka ukiwa baina ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Katika tangi lililojaa, mvuke umezidi na hewa imepungua, hivyo cheche haipati nafasi. Likimwagwa, hewa huingia, na mvuke uliofichama kwenye kutu na mishono hukutana nayo kwa kadiri ileile inayolipuka. Tangi tupu, basi, ni la kuogopwa kuliko tangi lililojaa. Ni kinyume cha akili ya kawaida, na ndiyo sababu linaua.

Wakenya wameilipa petroli gharama kubwa. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuyateka, na moto ukaangamiza zaidi ya watu 100. Si rahisi kulitaja jina hilo mbele ya fundi wa magari bila yeye kunyamaza kidogo. Huyu wa Junju hakulitaja. Aliuliza swali moja tu.

"Baba, likichomelewa, nani atakayelishika?"

Kuchomelea tangi huhitaji mtu wa kulituliza lisiyumbe. Mzee alimtazama mjukuu wake, ambaye tayari alikuwa amelikumbatia tangi kifuani kama mtoto, tayari kulipeleka barabarani.

"Liweke chini," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Tengeneza jipya."

Ilibaki haja moja, naye aliisema kwa haya ya mtu anayeomba asichostahili: kijiti kiendelee kusoma. Tangi lenye umbo jingine lingekifanya kuwa ukuni. Fundi hakucheka. Alilipima la zamani urefu, upana na kina, akachora pembe zake kwenye karatasi ya saruji, akakata bamba la chuma na kulikunja kwa umbo lilelile. Ndani akaweka ukuta wenye matundu ili mafuta yasipigepige gari likipanda na kushuka. Bamba jipya halijawahi kuonja petroli, hivyo alilichomelea bila hofu. Akalijaribu kwa maji ya sabuni na upepo kidogo wa pampu, akitafuta mapovu kwenye mishono, kisha akalikausha juani siku nzima. Penye kugusana na vyuma vya gari akaweka vipande vya mpira, ili matope na chumvi visipate maficho.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuitazama kazi hii asikumbuke maneno yake. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Wanamaji wa Pwani waliushika kukabiliana na kusi na kaskazi, na magari yalipokuja, neno likahamia kwenye chombo kipya bila kulalamika. Lehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, limetoka mikononi mwa wafua vyombo likaingia gereji na hata ndani ya redio. Mijini na vijijini, makuti ya paa hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na nyumba ikaendelea kuitwa ya babu. Lugha na nyumba zimedumu kwa kuruhusu chombo kibadilike huku maana ikishikwa palepale. Kinachoangamia ni kile kinachong'ang'ania ganda.

Siku ya kulifunga tangi jipya, petroli ilimiminwa galoni moja moja, lita nne na nusu kila mara, na mzee akakichovya kijiti mwenyewe. Kuanzia galoni ya pili hadi ya kumi, mafuta yaligusa pengo lake sawasawa. Galoni ya kwanza pekee ndiyo iliyokataa: mafuta yalipanda juu ya pengo kwa upana wa ukucha, na tofauti hiyo ndogo ikawa inajificha kadiri tangi lilivyojaa. Fundi alieleza kwamba tangi la zamani lilikuwa limebonyea chini kwa miaka mingi, likawa na shimo la kumeza kidogo zaidi. Jipya lilikuwa limenyooka.

Mzee alikigeuzageuza kijiti mkononi. Alikuwa amekiamini kwa zaidi ya miaka 30, na kumbe hata siku ile ya bandani kilipima chombo kilichopinda, kikasema kweli kwa kadiri ya chombo hicho. Akatoa kisu mfukoni. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, kwa hiyo alimpa mjukuu.

"Tia pengo jipya," alisema. "La zamani usilifute."

Kijana alikata taratibu, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Petroli iliyobaki ikafunikwa, kiti kikarudishwa, turubai likakunjwa nyuma. Tangi la zamani fundi alilijaza maji hadi mdomoni, akaliacha chini ya mkorosho, kiraka kikitazama juu. Hakuna aliyelitazama tena gari lilipowaka.