Nilibadilisha kopo mara tatu
Maziwa yangu yalikata mwanangu akiwa na miezi miwili, nikamwanzishia ya kopo. Kila akimaliza chupa alijikunja, akalia, akatapika. Mama mkwe alisema ni chango, nami nikaamini. Nilibadilisha kopo mara tatu. Kumbe yote yalitengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe!

Siku nilipoona michirizi ya damu kwenye nepi, nilikimbilia kliniki. Daktari alishuku mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Vipi ya mbuzi? Akakataa, protini zake zinafanana mno. Alituandikia maziwa maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Bei yake, acheni tu.

Wiki ya tatu mtoto alimaliza chupa, akalala kimya. Mama mkwe akaja kumchungulia, akidhani anaumwa.