Tabia ya Mheshimiwa Inatuhusu, Lakini Si Yote

Wasee, siasa ikianza kupamba moto mtaani kwetu nasikia sentensi mbili. Ya kwanza: "Sijali tabia yake, bora achape kazi." Ya pili: "Huyu ni mtu wa Mungu, apewe kura." Zote zinanikera, na wacha niwaambie kwa nini.

Tuanze na John Michuki. Wengi wetu tulikuwa bado tunanyonya, ama hatujazaliwa. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, sheria zake za matatu zilianza kufanya kazi mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, hakuna abiria kusimama. Wenye magari waligoma, mzee hakutikisika. Hadi leo mathe akipanda matatu iliyojaa mpaka mlangoni anasema, "Michuki angekuwa hapa!" Ugumu wa yule mzee ulifanya kazi.

Sasa songa hadi Machi 2006. Michuki yuko Usalama wa Ndani. Polisi wanavamia gazeti la Standard usiku, magazeti yanachomwa, KTN inazimwa. Waziri anatetea kitendo hicho, anasema ukichokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Ni mtu yule yule, na roho ile ile ya kutorudi nyuma. Kwa barabara ilileta nidhamu, kwa gazeti ikaleta hofu.

Hapo ndipo nasema tabia haiachwi getini siku ya kuapishwa. Inaingia na mtu ofisini, na huko inapewa bajeti, dereva na polisi.

Lakini tabia gani? Hapa ndio tunachanganyikiwa. Sonko alipendwa kwa ukarimu. Alitoa maji, ambulensi, pesa za matanga, na watu walisaidika kweli, siwezi kukataa. Lakini kazi ya gavana si kutoa mfukoni, ni kuendesha kaunti. Naibu wake alijiuzulu Januari 2018, na Nairobi ikakaa karibu miaka mitatu bila naibu gavana. Februari 2020 akakabidhi serikali ya kitaifa baadhi ya kazi za kaunti. Desemba hiyo Seneti ikamwondoa, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo. Yeye alipinga hadi mwisho. Mimi ninachoona ni hiki: roho nzuri kwa mtu mmoja mmoja haimaanishi mtu anaweza kushika mali ya watu wote.

Mathe wangu na wenzake kwa chama wanajua hii siri bila kusoma Katiba. Wakichagua mweka hazina hawaulizi nani anaomba kwa sauti, wala nani aliachana na bwanake. Wanauliza: nani hulipa deni la duka bila kufuatwa? Nani ukimuuliza pesa iko wapi hakasiriki?

Na Katiba ya 2010 inafanana nao sana. Soma Kifungu cha 75. Kinasema afisa wa serikali, kazini na hata katika maisha yake binafsi, aepuke mambo matatu: mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, kuuza maslahi ya umma kwa faida yake, na kuishushia ofisi heshima. Hakikuulizi anasali wapi ama analala na nani. Kinauliza kama maisha yake yanaingilia chetu.

Kwa hivyo mtu akiniambia ndoa ya mheshimiwa imevunjika, hiyo ni yake. Lakini akimpa shemeji tenda, hapo familia yake imekuwa biashara yangu. Akipenda pombe, sawa. Akidanganya kuhusu masomo yake ili apate kiti, hapana, kwa sababu atadanganya pia kuhusu barabara.

Juni 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, na ukaondolewa. Mwaka 2027 hatutasoma mswada, tutasoma watu. Tuwasome hivyo hivyo, bila uvivu. Kabla hujavaa fulana ya mtu, uliza hili moja: alipopewa kitu kidogo cha wengine, iwe ni CDF, sacco ama ofisi ya wadi, alikirudisha kikiwa kizima?

Kama hakuna anayejua jibu, hiyo fulana iache kwanza.