Pilipili Niliyoila

Wahenga walipouliza, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?", walikuwa wakimkemea mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Pilipili ninayoisimulia hapa niliila mwenyewe, ikaniwasha mwenyewe, na kwa hiyo natumaini wasomaji wataniwia radhi nikiisema kwa urefu.

Ilikuwa usiku wa walima wa binti ya kaka yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Wanawake tulikuwa tumeketi uani, kila sinia watu wanne, na sinia letu lilikuwa na uzito wa peke yake: wawili kwetu, wawili kwa bwana harusi, nao mmoja wao ni mamake. Ndiyo mara ya kwanza tulikuwa tukila pamoja. Biriani ilikuwa ya mbuzi, na kando yake bakuli la kachumbari ambamo mkataji, Mungu amjaze kheri, alikuwa amezichanganya nyanya na pilipili mbuzi zilizoiva, vipande vya ukubwa mmoja na wekundu mmoja. Taa ya uani ilikuwa hafifu. Nikatia tonge kinywani.

Pilipili mbuzi ina hila yake. Hutangulia harufu, harufu nzuri kama ya tunda, nawe unaipokea kwa furaha. Moto huja baadaye, na ukija hauulizi. Ulimi ulishikwa kwanza, kisha kaakaa, kisha masikio, na sijui masikio yanahusika vipi. Pua ikaanza kuchuruzika. Kwikwi ikanipanda. Kutema hakuwezekani, mbele ya wakwe na juu ya chakula cha watu, basi nikameza, na moto ukashuka nao kifuani.

Machozi yakanitoka. Mamake bwana harusi akanigeukia. "Kuna nini, dada?" "Furaha tu," nikamwambia, kwa sauti nisiyoitambua. Akaweka tonge lake chini, akanishika mkono wa kushoto, na yeye naye akaanza kulia. Nadhani hapo ndipo koo mbili zilipoungana kwa kweli, na hata leo sijamweleza kisa.

Nilipopewa gilasi ya maji nikayanywa yote. Yalinituliza kwa muda ule ule yaliokuwa kinywani. Yalipopita, moto ulirudi mahali pake, na nilihisi umetandazwa hadi pembe za midomo. Soda nayo haikufaa, ile chachu ilichoma kama sindano. Kisha binti mmoja mwenye adabu, akidhani nimeshikwa na kifua, akaniletea kikombe cha chai ya tangawizi inayofuka moshi. Sikutaka kumvunja moyo. Nikapiga funda moja, na funda lile ni jambo ambalo simtakii adui.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, mwanamke aliyepita miaka sabini, ambaye alikuwa akinitazama kutoka sinia la pili. Hakuuliza neno. Alinyanyuka na fimbo yake, akaingia jikoni, akarudi na bakuli la mtindi. "Uweke kinywani, uusukesuke," akaninong'oneza. "Usiumeze kwa haraka." Nikafanya hivyo mara tatu, nne. Moto haukuzimika, lakini ulikubali kukaa chini. Baada ya kama robo saa niliweza kuzungumza kama mtu.

Nimesoma baadaye kwa nini shangazi alikuwa sawa na chai haikuwa sawa. Kinachowasha katika pilipili ni dutu iitwayo kapsaisini, nayo haikai hasa katika mbegu kama tuambizanavyo, bali katika ule utando mweupe unaozishika mbegu. Kapsaisini haiyeyuki vyema katika maji; huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana maji huizungusha tu kinywani. Maziwa yana mafuta, tena yana protini iitwayo kaseini ambayo huizoa kapsaisini kutoka kwenye ulimi, kama sabuni ifanyavyo kwa shahamu ya sahani. Asiyepatana na maziwa anaweza kushika kinywani tui zito la nazi, au kijiko cha mafuta ya kula kisha akateme. Sukari nayo husaidia, na wali mkavu au mkate hupangusa.

Ajabu zaidi ni kwamba moto wenyewe haupo. Mishipa yetu ya fahamu ina vilango vidogo ambavyo hufunguka joto likifika kama nyuzi 43, ili kutuonya kwamba tunaungua. Kapsaisini huvifungua vilango hivyo hivyo bila joto lolote, na ubongo huamini kwamba kinywa kinateketea. Mwanasayansi wa Marekani David Julius, ambaye alikigundua kilango hicho kwa kutumia pilipili, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, akiwa pamoja na Ardem Patapoutian. Basi chai ya moto huongeza joto la kweli juu ya joto la uongo, na tangawizi nayo hubisha mlango ule ule. Binti wa watu alikuwa amenimwagia mafuta ya taa kwenye jiko. Ndege, kwa upande wao, hawaionji kabisa kapsaisini. Huila pilipili kama zabibu na kuisambaza mbegu yake wapendako.

Na mmea huu tuuonao kama wa babu zetu ni mgeni. Babu zetu wa mbali waliijua pilipili manga, na jina lake linatuelekeza Uarabuni ilikopitia. Pilipili hizi za kuwasha asili yake ni bara la Amerika, nazo zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, zikaenezwa hasa na Wareno. Muhogo nao ulitoka huko huko. Msomaji akisimama jioni pale Lighthouse, na kachiri zake za muhogo zilizonyunyizwa pilipili na ndimu, ajue kwamba katika vitu hivyo vitatu ni ndimu peke yake isiyotoka Amerika.

Neno moja kwa wapishi, kabla sijasahau. Mikono iliyokata pilipili isipelekwe usoni, na maji matupu hayaitoi. Ipakwe mafuta ya kula kwanza, isuguliwe, ndipo ioshwe kwa sabuni, hasa adhana inapokaribia, maana mtu hutia udhu akajikuta hana macho. Ikiwa jicho limekwisha kuingia, lioshwe kwa maji mengi safi, na maumivu yakikataa kuondoka aonwe daktari.

Usiku ule nililala na midomo inayonyonyota. Nikawa nafikiri kwamba mimi ni mtu mzima, nayajua yaliyonipata, najua yatapita, na kulikuwa na mtu wa kuniletea mtindi. Ndipo yakanijia mambo niliyokuwa nimeyaona utotoni na kuyaona ya kawaida: mtoto mwenye matusi akipakwa pilipili midomoni, akikimbia uani huku amekenua na watu wazima wakicheka. Sikumbuki hata mmoja aliyeacha matusi kwa ajili hiyo. Nawakumbuka waliojifunza kutukana wakiwa mbali.

Siku ya tatu baada ya arusi tulikuwa nyumbani kwa shangazi, mimi na binti yangu na mwanawe, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka miwili na bado ananyonya, hasa usiku. Binti yangu alikuwa amechoka. Shangazi akampa dawa ya zamani.

"Jipake pilipili kidogo tu kwenye chuchu. Siku moja hiyo, ataacha. Hata mamako huyu tulimwachisha hivyo hivyo."

Sikuwa nikilijua hilo. Nilimtazama yule mtoto, alikuwa akivuta pindo la buibui la mamake, nikahisi ule moto wa juzi umerudi kinywani. Kumpinga shangazi si jambo jepesi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mamangu kufariki, na katika nyumba yetu neno lake halirudishwi. Nikatafuta namna.

"Shangazi," nikasema, "juzi uliniletea mtindi, Mungu akulipe. Siku ile mlipoipaka pilipili, nani aliniletea mtindi?"

Alikaa kimya muda mrefu, akizisogeza tasbihi zake. "Hakuna," akasema hatimaye. "Ulilia sana. Kisha ukalala."

Binti yangu akainamisha uso. Nikaongeza, kwa upole niwezao, kwamba mtoto haelewi kwamba ni pilipili. Anachokijua ni kwamba mahali alipokuwa akipata raha pamemuunguza, na mwenye mahali hapo ni mamake. Wako wanaotumia shubiri kwa kazi hii. Shubiri ni chungu lakini haiwashi, na hata hiyo mimi siipendi. Katika sura ya Al-Baqara kunyonyesha kumewekewa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na kuachisha kabla ya hapo kukafungamanishwa na maridhiano na mashauriano ya baba na mama. Sikumsomea shangazi hayo. Anayajua kuliko mimi. Nilimuuliza tu mkwe wangu atashauriwa lini.

"Basi atashauriwa," akasema shangazi, akaomba aletewe tende.

Ilichukua karibu wiki tatu. Walianza kuondoa nyonyo la mchana, kwa uji na matembezi, na hilo halikuwa gumu. La usiku lilikuwa vita. Mtoto aliamka, akalia, akamwita mamake, na baba alimbeba akizunguka naye chumbani mpaka alfajiri. Jumatano ya wiki ya pili shangazi alikuja bila kuitwa, na kanga zake mbili na fimbo yake. Akamwambia binti yangu akalale chumba kingine na afunge mlango. Kwa siku mbili yule mtoto alilala kitandani kwa shangazi, naye alipoamka alipewa maji kwa kikombe, akapigwapigwa mgongo gizani na mkono ule ule ulioniletea bakuli uani.